Vifurushi vya Programu na Amana ya Mfungaji

Kitabu kilichofungwa vibaya huachia kurasa zake, na msomaji aliyepotewa na kurasa humlaumu aliyekifunga, si aliyekitunga. Hali ya programu za kompyuta ni hiyo hiyo. Kati ya fundi aandikaye programu na mtu aitumiaye yuko mtu wa tatu, naye ni mfungaji. Huyu huichukua kazi ya fundi, akaitia katika kifurushi, akaandika juu yake jina, toleo na mahitaji yake, kisha akaiweka katika ghala ambamo watumiaji wataichukua. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi watumiaji wa mifumo endeshi huria, yaani mifumo ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa, wamebishana juu ya aina ipi ya kifurushi iliyo bora.

Mtu wa nje ayasikiapo mabishano hayo huona ajabu kwamba watu wazima wenye elimu wagombane juu ya namna ya kufunga faili. Insha hii yakusudia kuonyesha kuwa ugomvi wao haukuwa juu ya faili. Walikuwa wakiulizana ni nani aaminiwe kusimama kati ya mtunzi na mtumiaji, na ni nani atakayejibu jambo likiharibika. Swali hilo ni la kale katika biashara na katika elimu. Katika kompyuta limevaa nguo mpya tu.

Yafaa tuanze na wakati ambapo vifurushi havikuwapo. Katika mwezi wa Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza huko Marekani mradi wa GNU, uliokusudia kutunga mfumo endeshi ulio huru kabisa. Katika mwezi wa Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Finland, alitangaza kiini alichokuwa akikiandika, ambacho baadaye kiliitwa Linux. Kiini hicho pamoja na programu za GNU vilitosha kuendesha kompyuta, lakini vilikuwa vimetawanyika. Aliyevitaka alipaswa kuchukua msimbo asilia wa kila programu uliokusanywa katika faili la tar, akaufungua, akaugeuza mwenyewe uwe programu inayoweza kuendeshwa na mashine, kisha akaweka kila kitu mahali pake. Kazi hiyo ilimfundisha mengi mwenye subira, na ilimfukuza asiye nayo. Tena ilikuwa na ila nyingine: programu ikishaenea katika mashine, aghalabu hapakuwa na kumbukumbu ya faili zipi ni zake, hata kuiondoa kukawa kugumu kuliko kuiweka. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine nyingi za siku zile zilikuwa mali bila daftari.

Katika mwaka 1992 ulitokea mkusanyo wa programu ulioitwa Softlanding Linux System, kwa ufupi SLS. Ulipendwa kwa kuwa ulimpunguzia mtu kazi, ukalaumiwa kwa kuwa ulikuwa na makosa mengi. Lawama hizo zilizaa mikusanyo miwili ambayo ingali hai hata leo. Patrick Volkerding aliusahihisha ule wa SLS kwa matumizi yake na ya wenzake, akautoa kwa watu katika mwezi wa Julai 1993 kwa jina la Slackware. Mwezi uliofuata Ian Murdock, ambaye naye hakuridhika na SLS, alitangaza mkusanyo wa Debian, jina aliloliunga kwa jina la mchumba wake Debra na jina lake mwenyewe. Basi maoni ya watumiaji hayakuja baada ya vifurushi kuwapo. Manung'uniko yao ndiyo yaliyoanzisha habari yenyewe.

Ingawa mikusanyo hiyo miwili ilitoka katika lalamiko moja, ilijibu kwa njia mbili. Kifurushi cha Slackware kilikuwa faili la tar lililobanwa, likiwa na maagizo machache ya kuiweka programu mahali pake. Slackware iliandika orodha ya faili zilizowekwa, lakini haikudai kujua programu ipi yahitaji ipi. Jambo hilo iliachiwa akili ya mwenye mashine. Kifurushi cha Debian, kiitwacho deb, kilikuwa na sehemu kuu mbili: moja ilichukua programu, na ya pili ilichukua maelezo, yaani jina, toleo, jina la mtunzaji wake, na vifurushi vingine ambavyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila yavyo. Chombo kiitwacho dpkg kiliyasoma maelezo hayo, kikaandika daftari, na kikakataa kukamilisha kazi iwapo kilichohitajika hakikuwapo. Katika mwaka 1995 kampuni ya Red Hat ya Marekani nayo ilitoa kifurushi chake, RPM, kilichotungwa na Marc Ewing na Erik Troan kwa nia iliyofanana na ile ya Debian.

Hapo ndipo maoni yalipogawanyika kwa mara ya kwanza. Wafuasi wa Slackware walisema kuwa msimamizi wa mashine ni mwenye mashine, na kwamba chombo kinachoamua badala yake humfanya mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wafuasi wa Debian na wa Red Hat walijibu kuwa kumbukumbu ya mwanadamu ina mwisho, na kwamba mtu mwenye mashine hamsini hawezi kukumbuka mahitaji ya kila programu katika kila mashine. Kila upande ulisema kweli juu ya hali yake. Wa kwanza alikuwa na mashine moja na wakati mwingi. Wa pili alikuwa na mashine nyingi na wakati mchache. Mara nyingi katika habari hii tutaona kuwa watu wawili wabishanao juu ya kifurushi kimoja hawana kazi moja.

Zilipozidi programu, yalizidi mashaka. Programu za mifumo hii hutumia sehemu za msimbo zilizoandikwa mara moja zikatumiwa na wengi. Mafundi huziita maktaba. Matumizi ya pamoja huokoa nafasi, na kosa likisahihishwa katika maktaba moja, programu zote ziitumiazo hupona kwa pamoja. Lakini programu moja ikitaka toleo jipya la maktaba na nyingine ikitaka toleo la zamani, mtumiaji huwa kati ya mafahali wawili. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 mtu aliyepata kifurushi cha RPM aliambiwa na mashine yake kuwa kifurushi cha pili chahitajiwa. Akikitafuta cha pili aliambiwa juu ya cha tatu. Na cha tatu huenda kilipingana na kitu alichokuwa nacho tangu zamani. Watumiaji waliita hali hiyo jahanamu ya utegemezi, na wengi wakatoa hukumu kuwa RPM ni kifurushi kibaya na deb ni kizuri.

Hukumu hiyo ilirudiwa kwa miaka mingi, na mwanahistoria yampasa kuipima. Kama faili, deb na RPM vyafanana sana. Kila kimoja chachukua programu, maelezo na orodha ya mahitaji. Tofauti iliyowagusa watumiaji ilikuwa nje ya faili. Debian 2.1, iliyotoka katika mwezi wa Machi 1999, ilikuja na chombo kiitwacho APT, ambacho kwa agizo moja kiliyatafuta mahitaji yote katika ghala na kuyaleta kwa utaratibu. Tena ghala lenyewe lilikuwa na sheria zilizoandikwa juu ya namna kila kifurushi kinavyopaswa kufungwa, na lilikuwa na watu waliozifuata. Mtumiaji wa RPM aghalabu aliokota kifurushi hapa na pale, kila kimoja kikiwa kimefungwa na mtu mwingine kwa ajili ya mkusanyo mwingine. Kilipopatikana chombo kiitwacho Yum, kilichoendelezwa na Seth Vidal na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke, nao watumiaji wa RPM walipata njia kama ile ya APT, na sehemu kubwa ya kilio chao ikanyamaa, ilhali kifurushi kilikuwa kile kile. Kumbe walichokisifu waliosifu deb kilikuwa ghala na sheria zake. Waliyaona matunda wakalisifu kapu.

Walikuwapo pia waliodhani kuwa amani itapatikana kwa amri. Mpango ulioitwa Linux Standard Base ulitaka mikusanyo yote ikubaliane juu ya mambo ya msingi, na katika mambo hayo RPM ilichaguliwa kuwa kifurushi cha pamoja. Katika mwaka 2006 mpango huo ulikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa chini ya ISO. Debian haikuacha deb. Ilitumia chombo kiitwacho alien kugeuza vifurushi vya RPM, na katika mwaka 2015 iliacha kujitaabisha na sehemu kubwa ya mpango huo. Kipimo kilikuwapo katika karatasi, lakini watunzi wachache walifunga programu zao kwa kukifuata. Sababu yake si ngumu kuiona. Kifurushi cha pamoja bila ghala la pamoja na bila mlezi wa pamoja hakikumpa mtumiaji kile alichokitaka, yaani mtu wa kumwuliza.

Sasa tumtazame mlezi huyo, maana katika mikusanyo mikubwa amekuwa na mamlaka ya ajabu. Debian 1.1, iliyotoka katika mwaka 1996, ilikuwa na vifurushi 474. Debian 12, iliyotoka katika mwaka 2023, ilikuwa na zaidi ya 64,000. Wingi huo hufungwa na watu wa kujitolea, ambao wengi wao si watunzi wa programu wazifungazo. Mfungaji husahihisha makosa, hubadili baadhi ya mambo yapatane na sheria za ghala, na hushikilia toleo moja kwa miaka ili watumiaji wasisumbuliwe na mageuzi. Wanaomsifu husema kuwa yeye ni wakili wa mtumiaji mbele ya mtunzi. Katika mwaka 1997 Debian iliandika mkataba wake na jamii, ikaahidi humo kutanguliza haja za watumiaji na za programu huria. Ahadi hiyo ni nzito, na wengi wameichagua Debian kwa ajili yake.

Lakini wakili aweza kukosa, na pengine akamkosea mteja wake. Katika mwaka 2006 mfungaji mmoja wa Debian aliondoa msimbo mchache katika OpenSSL, programu itungayo funguo za siri, kwa sababu chombo cha kukagua makosa kiliulalamikia. Msimbo ule ndio ulioingiza yasiyotabirika katika utungaji wa funguo. Ulipoondolewa, kwa kila aina ya ufunguo na kila ukubwa wake zilibaki funguo kama 32,000 tu, na kompyuta ya kawaida iliweza kuzijaribu zote. Kosa hilo lilikaa karibu miaka miwili, likaenea hata katika mikusanyo iliyojengwa juu ya Debian, mpaka Luciano Bello alipoligundua na habari yake ikatangazwa katika mwezi wa Mei 2008. Watunzi wa OpenSSL hawakuwa wamelitenda, wala watumiaji hawakuwa wameliomba. Lilizaliwa njiani, katika mikono ya mtu aliyetaka kutenda wema.

Watunzi nao walikuwa na malalamiko yao. Katika mwaka huo huo wa 2006 watu wa Mozilla walitaka jina la Firefox na nembo yake visitumiwe kwa programu iliyobadilishwa bila idhini yao. Debian, isiyokubali kufungwa mikono, iliita kifurushi chake Iceweasel, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 2016. Katika mwaka huo wa 2016 Jamie Zawinski, mtunzi wa XScreenSaver, aliitaka Debian ama itoe toleo jipya la programu yake ama iiondoe kabisa, kwa kuwa alichoka kupokea malalamiko juu ya makosa aliyokwisha kuyasahihisha zamani. Hapa pana swali la haki. Mtumiaji akiona kosa humwandikia yule ambaye jina lake limo katika programu, naye ni mtunzi. Lakini aliyeamua toleo lipi limfikie mtumiaji ni mfungaji. Lawama yaenda kwa mmoja, na uamuzi u kwa mwingine.

Lalamiko la watunzi lilipata sauti kubwa katika mwaka 2014, Torvalds aliposema na wanachama wa Debian katika mkutano wao huko Portland, Oregon. Alikuwa ameanzisha Subsurface, programu ya kuandikia kumbukumbu za wazamiaji, akaona kuwa ilikuwa rahisi kuitoa tayari kwa watumiaji wa Windows na wa Mac, bali kwa watumiaji wa Linux ilikuwa taabu, kwa kuwa kila mkusanyo na kila toleo lake vilitaka kifurushi cha peke yake. Mtu ambaye kiini cha mfumo ni kazi yake alishindwa kuifikisha programu yake ndogo kwa watumiaji wa mfumo huo bila mkono wa wafungaji wengi.

Aina mpya za vifurushi zilikuja kulijibu jambo hilo. Simon Peter alianza na klik katika mwaka 2004, kazi ambayo hatimaye ilikuwa AppImage, kifurushi cha faili moja lililochukua programu na mengi ya mahitaji yake. Mtumiaji hulipa ruhusa ya kuendeshwa, akaliendesha, na asipolitaka hulifuta. Kampuni ya Canonical, mwenye Ubuntu, ilitangaza mfumo uliotumia vifurushi vya Snap katika mwezi wa Desemba 2014, na katika mwezi wa Aprili 2016 Snap iliingia katika Ubuntu 16.04. Alexander Larsson wa Red Hat alianzisha kazi iliyoitwa Flatpak tangu mwezi wa Mei 2016, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka katika mwezi wa Agosti 2018. Snap na Flatpak huiweka programu katika kizimba ili isiguse kila kitu katika mashine, na zote tatu zaahidi jambo moja: mtunzi afunge mara moja, na kifurushi chake kitumike katika mikusanyo mingi.

Waliozipokea kwa furaha walikuwa na sababu njema. Mtu aliyependa utulivu wa Debian aliweza kubaki nao, na papo hapo akapata toleo jipya la programu moja aliyoihitaji kwa kazi yake. Mtunzi mdogo asiyejulikana na wafungaji wa maghala makubwa alipata njia ya kuwafikia watu. Waliozikataa nao walikuwa na sababu. Kila kifurushi kikibeba maktaba zake, basi kosa la maktaba moja lapaswa kusahihishwa mahali pengi, na mtunzi mvivu humwacha mtumiaji katika hatari. Kizimba nacho hakikuwa na ukuta siku zote. Katika mwaka 2018 wakosoaji wa Flatpak walionyesha kuwa programu nyingi zilizopendwa zilipewa ruhusa ya kuandika katika mafaili yote ya mtumiaji. Na katika mwezi wa Mei wa mwaka huo huo, katika duka la Snap ulipatikana mchezo uliokuwa ukichimba sarafu za kidijiti kwa siri, kwa nguvu za mashine za waliouchukua. Mfungaji wa kale alikuwa ameondolewa njiani, na pamoja naye liliondoka jicho lake.

Uchungu uliozidi ulikuwa juu ya hiari. Snap huchukuliwa katika duka moja liendeshwalo na Canonical, na msimbo wa duka hilo hauko wazi, jambo lililowachoma watu walioingia katika mifumo huria kwa kuchukia mambo ya namna hiyo. Tangu mwezi wa Oktoba 2019 mtumiaji wa Ubuntu aliyeomba kifurushi cha deb cha kivinjari cha Chromium alipewa ganda tupu ambalo kazi yake ilikuwa kuleta Snap. Aliomba kitu kimoja akapewa kingine. Linux Mint, mkusanyo ujengwao juu ya Ubuntu, ulijibu katika mwezi wa Juni 2020 kwa kuizuia APT isiiweke Snap mpaka mwenye mashine aondoe katazo hilo mwenyewe. Katika mwezi wa Aprili 2022 Firefox nayo ilikuwa Snap katika Ubuntu 22.04, na wengi wakalalamika kuwa ilichelewa kufunguka. Na katika mwezi wa Februari 2023 ilitangazwa kuwa mikusanyo ya ukoo wa Ubuntu haitakuja na Flatpak ndani yake tangu toleo la 23.04, ingawa aitakaye aweza kuiweka. Basi vifurushi vilivyokuja kuleta umoja vikawa vyenyewe sababu ya mgawanyiko.

Wala haikuwa kweli kwamba mtu wa kati ametoweka. Mapema katika mwaka 2025 watunzi wa OBS Studio, programu ya kurekodia picha za video, walilalamika kuwa Fedora ilikuwa ikitoa Flatpak yake yenyewe ya programu yao, yenye kasoro, na kwamba watumiaji wasiojua tofauti waliwaletea wao malalamiko. Lilikuwa lalamiko lile lile la Zawinski, katika kifurushi kipya.

Liko lalamiko moja zaidi, nalo ni la ukubwa. Aliye na intaneti ya kasi na ya bei nafuu huliona dogo, kwa kuwa uzito wake hutofautiana kwa kadiri ya mahali mtu alipo. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaweza kulishuhudia. Ubuntu ilipotoka katika mwezi wa Oktoba 2004, kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake lilikuwa ndugu wa neno letu utu. Na kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2011, santuri zake zilipelekwa bure kwa posta kwa mtu yeyote aliyeziomba. Katika mwaka huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Wakati ule intaneti yetu na ulimwengu wa nje ilitegemea setilaiti. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam katika mwezi wa Julai 2009. Kwa mtu wa siku zile, kifurushi kidogo kilichotumia maktaba zilizokwisha kuwamo katika mashine kilikuwa rehema.

Hata leo, katika Tanzania, neno kifurushi kwa watu wengi lamaanisha kipimo cha intaneti kinunuliwacho kwa simu. Flatpak ya kwanza katika mashine huja na msingi wake wa maktaba, ambao waweza kufika mamia ya megabaiti. Basi kifurushi cha programu hula kifurushi cha intaneti. Mwanafunzi alalamikaye juu ya jambo hilo hakatai maendeleo. Anasema tu kwamba gharama ya raha ya mtunzi imehamishiwa mfukoni mwake, na kwamba hakuulizwa. Kwa upande wa pili, mwanafunzi huyo huyo akihitaji toleo jipya ambalo ghala la mkusanyo wake halitalipata kwa miaka miwili, huenda akalipa megabaiti hizo kwa moyo mweupe. Yote mawili ni maoni ya mtu mmoja, na hayapingani.

Tumalizie kwa tukio la mwezi wa Machi 2024, maana lilizipima hoja zote. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, ulipatikana mlango wa siri, uliotiwa na mtu aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya mtunzi wa awali mpaka akawa mshiriki wake. Sehemu ya hila ilifichwa katika faili la tar lililotolewa rasmi, nayo ilitazama kwanza kama programu inajengwa iwe kifurushi cha deb au cha RPM. Isipokuwa hivyo, ilinyamaza. Mwovu alijua thamani ya mfungaji. Alijua kuwa mlango mmoja wa ghala wafungua milango ya mashine nyingi.

Wapenzi wa maghala walisema kuwa ucheleweshaji wao umesifika, kwa kuwa Debian imara haikuwa imepokea matoleo hayo. Wapinzani walisema kuwa wafungaji wa Debian na wa Fedora walikwisha kuyapokea katika matoleo yao ya majaribio bila kuona kitu. Zote mbili ni kweli. Lakini aliyeugundua mlango huo hakuwa mfungaji wa xz wala mtunzi wake. Alikuwa Andres Freund, mhandisi wa programu aliyekuwa akitumia Debian ya majaribio kwa kazi nyingine kabisa, akaona kuwa kuingia katika mashine kwa njia ya ssh kulichelewa kwa karibu nusu ya sekunde. Hakulipuuza. Aliufuata ucheleweshaji huo katika msimbo mpaka akafika shina lake.

Nusu ya sekunde ni kitu kidogo. Mtu mwingine angalisema kuwa anayelalamikia nusu ya sekunde ni mdeuzi, kama walivyoambiwa waliolalamika kuwa kivinjari chao chafunguka polepole, au kuwa kifurushi chao ni kizito. Lakini lalamiko hilo liliwezekana kufuatwa kwa sababu mambo mawili yalikuwapo: mtumiaji aliyejali, na msimbo uliokuwa wazi kwake.

Kwa hiyo wale watuulizao ni kifurushi kipi kilicho bora, historia haiwapi jina. Yawapa maswali ya kuuliza kila kifurushi. Ni nani aliyekifunga, naye hujibu kwa nani? Kosa likionekana, ni nani alisahihishaye, na kwa muda gani? Gharama yake yamwangukia nani? Na mtumiaji akikikataa, amepewa njia nyingine, au amelazimishwa? Slackware, Debian, Red Hat, na hawa waliokuja baadaye, kila mmoja amejibu vizuri baadhi ya maswali haya na vibaya mengine. Ndiyo maana mabishano hayajaisha, wala hayafai kuzimwa. Amana isiyoulizwa haikai muda mrefu kuwa amana, na katika habari hii waliouliza tangu siku za SLS wamekuwa ni watumiaji.